Neno Kwenye Kadi ya Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Profesa alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano ya cherehani, kwani macho ya bibi hayakuliona tena tundu. Jina hilo la Profesa alipewa na bibi mwenyewe, kwa kuwa alisoma Kiingereza vizuri.

Siku moja bibi alirudi kutoka zahanati na kadi. "Hebu nisomee, Profesa. Presha yangu inasemaje?"

Palikuwa na neno moja tu, *fluctuating*. Profesa hakuwahi kuliona. Mteja aliyesubiri gauni lake alikuwa akimtazama.

"Imetulia, bibi," alisema.

"Umeona?" bibi alimwambia mteja. "Huyu hakamatiki!"

Kuanzia siku hiyo vidonge vya bibi vilikaa kabatini. "Aliyepona ana haja gani na dawa?" alicheka.

Wiki ya pili, bibi akipinda ukosi wa shati, kizunguzungu kilimshika, akaangukia cherehani. Profesa na majirani wakamkimbiza zahanati.

Muuguzi alipima mara mbili. "Mama, presha iko juu mno! Na niliandika hapa kwamba inapanda na kushuka. Dawa ulimeza?"

Bibi alimtupia mjukuu wake jicho, kisha akatazama sakafu. "Nilimeza zote, mwanangu."

"Basi hazikufai. Nitamwambia daktari akupe kali zaidi."

Profesa alimsogelea muuguzi. Dawa kali, kwa uongo wake!

"Hakumeza!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Nilimwambia imetulia. Sikulijua neno lile, nikaona haya."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Ahsante kwa kusema. Maana ya neno hilo ni kubadilikabadilika bila mpangilio. Hata umeme, taa ikiwaka sana kisha ikafifia, husemwa hivyo. Asili yake ni Kilatini, kutoka neno la wimbi."

"Kumbe nina mawimbi mwilini," bibi alisema kwa sauti dhaifu, "na kuogelea sijui!"

Wote wakacheka, hata Profesa katikati ya kwikwi.

Bibi alirudia vidonge vyake, na baada ya majuma machache presha ikatulia kweli. Asubuhi aliporejea kazini, alimpa mjukuu wake uzi.

"Mimi kila siku nakwambia tundu silioni," alisema. "Ningeona haya kusema, ningeshona kutwa nzima na sindano tupu, na nguo za watu zingefumuka. Usipojua, mwanangu, sema hujui. Halafu kaulize."