Kioo Juu ya Mlango wa Mama

Walikutana kwenye ukumbi wa manispaa, foleni imefika mpaka nje. Binti alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale, gauni la bluu limemkaa sawasawa. Kijana, fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, alikuja na notisi ya ukaguzi mkononi, tayari kugombana. Alipomwona, ugomvi ukamtoka kichwani.

"Dada, nyumba yetu haina ufa. Inatabasamu tu."

"Basi kesho nakuja kulipima hilo tabasamu."

Akaja kweli. Juu ya mlango wa chumba cha mama wa fundi, mkaguzi akabandika kipande cha kioo, kimevuka ufa, akaandika tarehe. "Ukuta ukisogea, kitavunjika. Kikivunjika, mnatoka siku hiyo hiyo." Ngazi ya kwenda juu ilikuwa imeoza, akaamuru ing'olewe.

Mama akaguna. "Na mume wangu atashukaje?"

Mume mwenyewe marehemu, mwaka wa tisa huo!

Mapenzi yakakolea kwenye simu. Kila asubuhi:

"Kioo kizima?"

"Kizima, mpenzi. Aliyevunjika ni mimi."

Mwezi wa pili mkaguzi akarudi, akaitazama ile tarehe. Si mwandiko wake. Kioo kilivunjika, fundi akabandika kingine, lo!

"Umenidanganya!"

"Mama hataki kutoka. Anasema hamwachi mzee peke yake. Nifanyeje?"

"Na ukuta ukimwangukia?"

Akasaini amri ya kuhama, roho inamuuma. Fundi akamzimia simu siku nne. Siku ya tano, saa sita mchana, akapiga mwenyewe. "Njoo, tafadhali. Ukuta unalia, na mama amejifungia."

Mkaguzi akapiga magoti mlangoni. "Mama, fungua, nakuomba."

Kisha wakasikia nyayo juu, ghorofa isiyokaa mtu. Zikashuka taratibu, hatua kwa hatua, pale pale ilipokuwa ngazi iliyong'olewa. Zikawapita kwenye korido. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe. Mkaguzi nywele zikamsimama.

Komeo likalia. Mama akatoka na mkoba wake, katulia kabisa. "Mzee ametoka. Sisi tunangoja nini?"

Walikuwa ng'ambo ya barabara ukuta ulipoporomoka. Katikati ya vumbi, fundi akazungusha futi kwenye kidole cha mkaguzi.

"Nikuoe?"

"Na ukinidanganya tena?"

"Nitoe siku hiyo hiyo."

Akacheka huku analia. "Haya, pima vizuri."

Mama aliketi kwenye benchi akiwatazama. Alikuwa amesogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.