Kichina cha Aniya

Kila jioni, sufuria zikishaoshwa, Bibi Lucille alivuta kiti hadi karibu na dirisha la jikoni, akajifuta mikono kwa aproni na kusema, "Haya, mwalimu wangu, nisomee."

Aniya, mjukuu wake wa darasa la tano, alifungua kitabu cha Kichina akasoma. Bibi hakuelewa hata neno moja. Lakini walimu walikuwa wamewaambia wazazi: hata kama hamjui Kichina, kaeni na mtoto awasomee kwa sauti. Bibi Lucille hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Shule yenyewe, huko Washington, ilikuwa ya umma, haina karo. Ilijaa watoto wa kila aina: Weusi wa mtaani, Wahabeshi, Wasalvador wa Amerika ya Kati, na Wazungu wa maghorofa mapya. Nusu ya masomo ilikuwa kwa Kiingereza, nusu kwa Kichina kitupu. Waliotaka nafasi walikuwa wengi, kwa hiyo majina yalipigiwa kura ya bahati. La Aniya lilipotoka, mwaka uliotangulia, Bibi alilitangaza kanisani, saluni, na kwa muuza kuku wa kukaanga, ambaye hakuwa amemuuliza.

"Mjukuu wangu anamwaga Kichina kama maji," aliwaambia majirani kibarazani.

"Hata yakiwa matope, wewe utajuaje, Lucille?" alimtania Bwana Otis wa nyumba ya pili.

"Nyamaza, Otis. Wewe hata Kiingereza kinakushinda."

Watu wakacheka. Aniya naye alicheka, lakini si kwa moyo.

Maana ukweli alikuwa nao yeye. Mwanzoni mwa baridi pumu ilimlaza kitandani, na aliporudi shuleni wenzake walikuwa wameshafika mbali. Aliona aibu kuuliza. Darasani akawa ananakili kwa rafiki yake Mateo. Nyumbani, jioni ya kwanza, alikwama kwenye mstari wa mwanzo huku Bibi akimtazama kwa fahari. Basi akaanza kutoa sauti tu, za kupanda na kushuka. Bibi akapiga makofi. Kesho yake ikawa rahisi zaidi, na wiki zikapita hivyo.

Mwaka mpya wa Wachina ulipokaribia, Bibi alikuja na jipya.

"Nifundishe maneno ya kumwambia mwalimu wako. Nataka nimwambie hivi: Asante kwa kumfungulia mjukuu wangu mlango ambao sisi Weusi wa rika langu tulifungiwa."

Aniya alijua kusema asante. Hilo hata watoto wa chekechea walilijua. Yaliyobaki hakuyajua.

"Refu mno, bibi. Sema asante tu."

"Asante namwambia dereva wa basi. Huyu namwambia la moyoni."

Angeweza kusema ukweli palepale. Badala yake aliweka asante mbele, nyuma yake akaunga sauti za kubuni. Bibi alizirudia akipiga pasi, akazirudia akimsuka Aniya nywele.

"Hapo nimepatia?"

"Umepatia, bibi."

Siku ya sherehe ukumbi wa shule ulifurika. Bibi Lucille alivaa kofia yake ya zambarau, ile ya Pasaka. Mwalimu Shen, aliyemfundisha Aniya Kichina, alipomaliza kuwashukuru wazazi, Bibi alisimama bila kualikwa, akaweka mkono kifuani, akayasema maneno yake yote polepole.

Mara watoto wa nyuma wakaanza kuchekeana. Mateo akamnong'oneza Aniya, "Bibi yako anasema nini? Mbona hicho si Kichina?"

Mwalimu Shen aliinamisha kichwa kwa heshima akasema asante, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakuelewa. Bibi akaliona hilo. Tabasamu lake likafifia.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Mtoto alinifundisha vizuri. Ulimi wangu ndio mzito."

Aniya alitazama viatu vyake.

Kituoni, wakingoja basi kwenye baridi, Bibi alimgeukia. "Hebu nisahihishe. Ni pale mwisho nimeharibu, siyo? Nisahihishe, mwakani nisikuaibishe tena."

Hapo Aniya akashindwa kuvumilia. Machozi yalitangulia maneno.

"Hukukosea, bibi. Niliyabuni. Hata ninayokusomea jioni nabuni, tangu nilipougua."

Basi lao lilikuja, likafungua mlango. Bibi hakupanda. Likaondoka.

"Jioni zote zile?" aliuliza.

"Karibu zote."

Bibi hakumkaripia. Heri angemkaripia.

Asubuhi Aniya alimweleza Mwalimu Shen yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kosa langu ni kuona daftari lako safi nikaridhika. Kosa lako unalijua. Tutaanza pale ulipoachia." Kuanzia siku hiyo, baada ya masomo, Aniya alisoma pamoja na watoto wa darasa la pili. Walimwita Bibi Kizee, kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote. Alivumilia.

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi. Bibi alipika, akamsuka, akamfunga skafu shingoni kama kawaida. Lakini vyombo vikiisha, alikwenda zake chumbani. Kibarazani hakutaja Kichina tena, na Bwana Otis, aliyesikia habari zote kama mtaa mzima, hakuthubutu kutania.

Mwishowe, jioni moja, Aniya alikisogeza kitabu mezani. "Bibi, nikusomee? Safari hii ni kweli."

Bibi aliendelea kusuuza sahani. "Walionicheka nimeshawasahau," alisema. "Kinachoniuma ni kwamba nilidhani jioni zile tulikuwa wawili hapa. Kumbe nilikuwa peke yangu."

"Nifanye nini uniamini?"

"Kutojua si aibu, mwanangu. Mimi sijui mangapi? Aibu ni kumfanya anayekupenda asijue amesimama wapi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kurudi ni ndefu, na hairukwi. Soma. Ukikwama, sema umekwama."

Aniya alisoma mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Hapa sijui, bibi."

Bibi Lucille alifunga bomba ili amsikie vizuri. "Haya," alisema taratibu. "Hilo nimeliamini. Endelea."