Nani Anakula Betri ya Baba?

Kila asubuhi kabla ya shule, Haingo alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kupima mvua iliyoingia kwenye kopo lake, na kusukuma teksi. Kazi ya kwanza alipewa na bibi yake, na ya pili alipewa na mwalimu wa sayansi. Ya tatu hakupewa na mtu. Ilijileta yenyewe tangu betri ya gari la baba yake ilipoanza kufa.

Laiti ingekuwa inakufa kila siku! Siku nyingine baba yake, Solofo, aligeuza ufunguo mara moja tu na gari likanguruma. Siku nyingine gari lilisema "tik" na kunyamaza. Hapo majirani waliacha wali wao wa asubuhi, wakaja kulisukuma kutoka uani hadi getini. Kuanzia pale mteremko ulimaliza kazi, maana katika mji wa Antananarivo gari lolote bovu huwaka, mradi pua yake inatazama bondeni.

"Mimi nakula wali, halafu teksi yenu inakula nguvu zangu," alilalamika Tahina, msichana wa jirani aliyesoma darasa moja na Haingo. "Leo hesabu nitaifanyia usingizini."

"Sukuma wewe, acha maneno," alijibu Haingo huku uso umemwiva kwa aibu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, rangi ya maziwa, na lilikuwa na umri mkubwa kuliko Solofo. Marehemu babu ndiye aliyelinunua. Lilikuwa limeshafungwa betri mpya, nayo ikafa vilevile. Fundi Naivo, fundi umeme wa mtaa, alilipima gereji mara mbili asione kitu. Majirani nao hawakukosa la kusema: eti kuna abiria alipanda na nyama ya nguruwe kwenye kikapu, gari likavunja mwiko. Solofo aliliosha gari ndani na nje, akaanza kukagua vikapu vya abiria. Kesho yake betri ilikufa kama kawaida.

Jumatatu jioni, wakiwa wanakunywa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria yenye ukoko wa wali, kama ilivyo desturi yao baada ya kula, Solofo alisafisha koo.

"Jumamosi atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu," alisema. "Abiria wangu wa alfajiri wote wamehamia kwa wengine. Nimeshindwa. Nitaendesha gari la mtu."

Bibi Ravao aliweka kikombe chini. "Vyuma chakavu huyeyushwa vikawa masufuria," alisema. "Gari la mume wangu lipikiwe maharage?"

Hakuna aliyecheka. Gari lile lilimpeleka bibi yake hospitali kumzaa baba yake, na miaka ikapita likampeleka mama yake kumzaa yeye. Alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti, akaapa moyoni kwamba kabla ya Jumamosi atamjua anayekula betri ya baba.

Alianza na daftari lake la mvua. Kwa wiki mbili alikuwa ameandika mvua ya kila siku, na pembeni aliandika pia kama gari liliwaka au lilisukumwa. Alidhani maji yanaingia kwenye nyaya. Alipolinganisha, aliona mvua ilinyesha siku tano na betri ilikufa siku sita, lakini mambo hayo mawili yalikutana mara mbili tu. Haikuwa mvua. Haingo alikasirika, akaifuta fikra hiyo kwa mstari mmoja mrefu, kisha akaanza upya.

Kazi yake ya jioni ilikuwa kufungua geti akisikia injini ya gari. Jumanne hakusikia injini. Alisikia honi tu, na baba yake akamfokea kwa kuchelewa. Jumatano asubuhi betri ilikuwa imekufa. Jumatano jioni alisikia injini vizuri, na Alhamisi gari likawaka lenyewe. Alhamisi jioni ilipigwa honi tena. Ijumaa, Tahina na wenzake wakaitwa kusukuma.

Siku hiyo alipotoka shule alikimbia moja kwa moja hadi gereji.

"Fundi, nimempata! Ni honi. Honi ndiyo inayokula betri."

Fundi Naivo alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mwanangu, honi ya mara moja haimalizi betri. Ingekuwa hivyo mji huu mzima ungekuwa unasukuma magari." Alijifuta machozi, kisha uso wake ukabadilika. "Hebu ngoja. Kwa nini alipiga honi?"

"Kwa sababu sikusikia injini."

"Na kwa nini hukusikia injini?"

Haingo alifikiri. Baba akitokea bondeni, alipanda mlima na injini ilinguruma hadi getini. Akitokea mji wa juu, alikuja akiteremka. "Labda huwa ameizima," alisema taratibu.

Fundi Naivo alichukua begi lake. "Twende nyumbani kwenu. Nimelipima gari hili mara mbili mahali ambapo haliumwi."

Walimsubiri Solofo uani, jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Honi ililia. Haingo alifungua geti, na teksi ikaingia kimyakimya, ikasimama kwenye ua ulioinama kidogo kuelekea nyumba. Solofo alivuta breki, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kuna nini hapa? Mkutano?" aliuliza.

"Fungua boneti," alisema fundi. Akampa Haingo spana namba kumi. "Legeza waya mmoja wa betri, uuchomoe. Kisha weka taa hii ndogo katikati, kati ya waya na betri. Kama gari limelala, taa haitawaka. Ikiwaka, ujue kuna kitu kinakula."

Haingo aliizungusha spana mpaka nati ikalegea, akauchomoa waya. Aliiweka taa ya kupimia, nayo ikawaka, nyekundu, ikawamulika vidole.

"Haiwezekani," alisema Solofo. "Nimezima. Ufunguo si huu hapa?"

Haingo aliingiza kichwa ndani ya gari. Alitazama tundu la ufunguo. Alama yake, ambayo hutakiwa kusimama wima gari likizimwa, ilikuwa imelala upande. Chini ya usukani aliona swichi ndogo nyeusi ambayo hakuwahi kuiona. Akaelewa yote kwa mara moja, na kuelewa huko kukamtia hofu. Atamwambiaje baba yake mbele ya Bibi Ravao aliyemzaa, na mbele ya fundi?

Kwao mdogo hasemi mbele ya wakubwa kabla ya kuondoa lawama. Haingo alikuwa amewasikia wazee wakifanya hivyo harusini na msibani, ila hakuwahi kusikia mtoto akifanya. Alisimama wima, akafuta mikono kwenye sketi.

"Naomba radhi," alianza. "Mimi si wa kwanza kuzaliwa hapa, wala si wa pili. Ni wa mwisho, na wa mwisho hupaswa kusikiliza. Lakini nina neno limenikaa kooni. Nikilisema, naomba nisibebeshwe lawama."

Solofo na fundi walitazamana. Bibi Ravao aliyekuwa mlangoni alijinyoosha. "Lawama imeondolewa," alijibu, kama inavyopasa. "Sema."

"Baba, anayekula betri ni wewe."

Haingo akaeleza. Akitoka mji wa juu, baba huzima injini kwa swichi ya chini ili ateremke bila kuchoma petroli. Akifika nyumbani injini imeshanyamaza, kwa hiyo husahau kugeuza ufunguo. Huuchomoa tu. Tundu limechakaa, linauachia popote. Injini imelala, lakini umeme wa gari uko macho usiku kucha.

"Rudisha ufunguo, ugeuze hadi wima," fundi alimwambia Solofo. Taa ikazimika. Aliugeuza upande, ikawaka. Wima, ikazimika.

"Umeme unakwenda kwenye ile mashine inayochaji betri," alisema Fundi Naivo. "Taa ya kukuonya nayo imeungua zamani. Solofo, swichi hii umeifunga lini?"

"Mwaka jana."

"Na mara zote mbili nilikuuliza kama umeongeza kitu kwenye gari. Ulinijibu nini?"

Solofo alitazama kandambili zake. "Nilisema hapana. Ulishatukataza kuteremka na injini imezimwa, kwamba ni hatari. Nikaona haya."

"Mficha maradhi, kifo humfichua," alisema fundi, bila ukali. "Kidogo tu ufichuliwe na mnunuzi wa vyuma."

Alikata nyaya za swichi, akaziunga upya bila hiyo swichi, akaitupa kwenye begi. Taa ya kupimia akamwachia Haingo. Solofo hakubisha. Alimgeukia binti yake. "Wewe ulijuaje?"

"Sikujua. Nilidhani mvua, nikakosea. Nikadhani honi, nikakosea. Nikaendelea kuandika tu."

Jumamosi asubuhi mnunuzi alifika na kamba yake ya kuvutia magari. Solofo alimkaribisha, akaingia kwenye teksi, akageuza ufunguo. Gari liliwaka palepale, kwenye ua ule ule, bila mtu kuligusa. Bibi Ravao alipiga makofi kama msichana. Mnunuzi alikunja kamba yake, akaondoka akinung'unika.

"Ingia mbele," Solofo alimwambia Haingo. "Leo tunakwenda wote kituoni."

Kituo cha mji wa juu kilikuwa kimejaa madereva. Wengi walikwishasikia habari za teksi iliyovunja mwiko. Mzee mmoja aliuliza kwa utani, "Solofo, umempata mganga gani?"

Haingo aliinamisha kichwa. Alidhani baba yake atacheka na kupita. Lakini Solofo alisimama katikati yao, akamvuta binti yake karibu.

"Gari langu halikuvunja mwiko wowote," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Aliyekosea ni mimi. Nilifunga swichi ya kuteremkia, nikamficha fundi, na nusura nipoteze gari la baba yangu. Aliyegundua ni Haingo huyu, ana miaka kumi na miwili. Hakubahatisha, aliandika siku baada ya siku. Na alipoujua ukweli, aliniambia usoni, kwa heshima. Kazi ya kutafuta kosa ni ngumu, jamani, lakini kulikiri ndiko kunakolitengeneza."

Dereva mmoja alirudi kwenye gari lake na kuinama chini ya usukani, kwenye swichi kama ile ile. Akafuata wa pili, halafu wa tatu, na wote walikuwa wanamwita Haingo aje na taa yake.