Sefu ya Timu ya Wanawake

ALHAMISI, BAADA YA ASRI. MALAZ, RIYADH

Hezron alitandaza mchoro wa ofisi juu ya gunia la mchele. Walikuwa watatu ndani ya stoo ya mgahawa, mlango umekomewa. Yeye, kocha. Keziah, aliyewakanda misuli wachezaji wa timu ya wanawake. Danson, dereva wa basi la chuo.

Chuo chenyewe kidogo. Timu tatu za mpira, kocha mmoja. Wengine wawili walifukuzwa, Hezron akatwishwa kazi zao, mshahara ukabaki uleule. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilimtaja mfagiaji. Wiki ile mkurugenzi wa michezo, Salem, alikuwa ameifuta timu ya wanawake. Mafi fulus, alisema, pesa hakuna. Wasichana wakalia uwanjani. Lakini Keziah alimwona Salem kwa macho yake akifungia pesa za wafadhili wa timu hiyo kwenye sefu ya ofisini, taslimu, juu ya pasipoti za wafanyakazi.

"Huu ni wizi," Danson alisema.

"Wizi ulishafanyika," Hezron alijibu. "Sisi tunahamisha tu."

Wangeing'oa sefu walinzi wakiwa msikitini. Kisha Jeddah, mtaa wa Ruwais. Danson alidai kuna mtu wake huko wa kuwatengenezea karatasi za kutoka nchini.

IJUMAA, WAKATI WA HOTUBA

Mlango ulifunguka kwa ufunguo ambao Hezron alipewa wa kufagilia. Alikata boliti za sefu kwa grinda. Cheche zilimchoma mkono, hakusita. Miezi yote ile ya hasira ilikuwa kwenye ule mkono. Waliitumbukiza sefu katika mfuko wa mipira, wakaukokota hadi kwenye basi. Mlinzi aliyebaki langoni aliuliza wanakwenda wapi. Danson akamwambia mazoezini. Geti likafunguka.

Nje ya jiji walibadilisha gari.

JUMAMOSI, ALFAJIRI. RUWAIS, JEDDAH

Walivunja sefu katika chumba cha kupanga, ghorofa ya pili. Keziah alipata pasipoti yake, akaibana kifuani. Danson alizitazama pesa kwa muda mrefu. Akasema anakwenda kumwita mtu wake.

Alichelewa. Hezron alichungulia dirishani. Magari mawili ya polisi yalikuwa yameziba uchochoro, na Danson anawaonyesha dirisha.

Nyumba za pale zimebanana. Hezron alimwambia Keziah apande juu ya paa, avukie la jirani.

"Na wewe, kocha?"

"Nitawachelewesha. Nenda."

Akaegemeza kabati mlangoni, akalishikilia kwa bega mpaka mlango ukapasuka. Walimlaza kifudifudi, wakamfunga pingu. Askari mmoja alikimbilia juu. Danson alisimama kizingitini, macho chini.

"Salem amekuahidi nini?" Hezron aliuliza.

"Nirudishe sefu, nipewe kazi yako."

"Timu zote?"

"Mbili zilizobaki. Na basi."

"Kwa mshahara wangu?"

"Nusu."

Walipomwinua, Hezron alimrukia na pingu zake, akamtwanga kichwa cha pua. Mfupa ulilia. Danson alianguka ngazini, damu ikimlowesha shati. Askari walimkandamiza Hezron ukutani, wakampiga mbavuni mpaka akaishiwa pumzi.

Yule aliyepanda juu alirudi akihema. Paa lilikuwa tupu.