Wino Kwenye Dole la Bibi Imakulata

Nikitoka shule hupitia ofisini kwa shangazi Mwanne, wakili hapa Tabora mjini. Hufagia, kisha hukaa kwenye benchi na madaftari yangu. Siku hiyo shangazi alikuwa mahakamani, ofisini amebaki Issa, karani wake.

Akaja Bibi Imakulata, mrina asali wa Kwihara, vumbi hadi magotini. Mizinga yake saba ilichomwa moto, na alisema alimwona aliyeichoma: Lukumani. Kesho yake alikuwa atoe ushahidi. Na shangazi yangu ndiye aliyekuwa akimtetea Lukumani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa ndipo kwa wakili? Nimeitwa na karani wake."

Issa akanivuta pembeni, akanipa soda ya baridi. "Tunu, mwambie wakili wake amemwachia karatasi. Wewe mtoto, atakuamini."

Nami, mlafi mkubwa, nikaenda kumwambia: "Bibi, wakili wako amekuachia karatasi uweke dole gumba."

"Loo, Mungu ambariki! Nilidhani sina mtu."

Issa alilishika dole la bibi kama takataka, akalikandamiza kwenye wino huku anatabasamu. Nikachungulia karatasi. Iliandikwa: "Sikumwona aliyechoma mizinga yangu." Bibi hakujua kusoma. Kesho karatasi hiyo ingemfanya mwongo mbele ya hakimu! Nikaiweka soda chini. Nilimchukia Issa, nikajichukia mimi zaidi.

"Bibi, usiweke! Nimekudanganya! Karatasi hiyo si ya wakili wako!"

Issa akaninyooshea mkono anizabe kofi, na hapo hapo shangazi akaingia. Akaichukua karatasi, akaisoma. Uso wake ulijikunja.

"Issa, nini hiki?"

"Wakili, si tunamsaidia mteja wetu?"

"Kwa uchafu huu? Lete funguo za ofisi, uende zako."

Akachuchumaa mbele ya bibi. "Shikamoo, mama. Mimi namtetea Lukumani, si wewe. Ushauri wangu kwako ni mmoja tu: usiweke dole kwenye karatasi usiyosomewa na mtu wako. Nenda sasa hivi kwa mwendesha mashtaka, umweleze yote, hata haya ya hapa ofisini kwangu."

"Shangazi, na bado utamtetea yule Lukumani?" nikauliza kwa kinyaa.

"Nitamtetea. Kila mshtakiwa ana haki ya kutetewa. Kesho nitamuuliza bibi maswali magumu, waziwazi, mbele ya hakimu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kumhadaa mtu asiye na wakili si utetezi, ni unyang'anyi. Na wewe, Tunu, alikuamini, ukamuuza kwa soda."

Nilileta maji na sabuni, nikalisugua dole la bibi huku nalia. Wino haukutoka.

"Acha, mjukuu wangu," akasema Bibi Imakulata, akiuvuta mkono wake taratibu. "Kesho nitamwonyesha hakimu."