Upande wa Kofiani

"Tobin, ulimaanisha yale uliyosoma?"

Marisela alimbana palepale koridoni, kengele ya mapumziko ikiwa bado inalia. Tobin akacheka kijinga.

"Yapi tena, mpenzi? Si insha tu ile!"

"Insha gani inawaliza watu? Hata Bi Lindqvist alivua miwani akafuta machozi."

Jamani, ni kweli. Mwalimu yule wa Kiingereza, anayewafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho namna ya kumshawishi msomaji, ana desturi yake: unachomoa karatasi kofiani, na upande uliokuangukia utautetea, upende usipende. Mada: kijana aondoke mji wake mdogo, au abaki? Tobin aliomba Mungu apate "abaki". Akapata "aondoke".

Na Marisela alikuwa na nafasi ya chuo huko Boston, mwisho wa kujibu ni siku ileile. Walishakubaliana ataikataa, wabaki wote hapa kwao Nebraska. Lakini Tobin, kwa uchu wa alama, akamfanya mpenzi wake kuwa mfano: binti mwenye akili anayezimika taratibu kwenye mashamba ya mahindi kwa sababu ya mvulana.

"Nilipangiwa, Mari! Siyaamini hata kidogo."

"Sawa. Nipe sababu za kubaki."

Tobin akafungua kinywa. Kila sababu aliyoishika alikuwa ameshaivunjavunja mwenyewe asubuhi ile, mbele ya darasa zima.

"Nakupenda," akasema hatimaye.

"Hiyo nayo uliijibu. Ulisema anayekupenda kweli hawezi kukuomba ubaki."

"Mari, usinifanyie hivyo, nakusihi!"

"Nimetafuta pa kukupinga, Tobin. Sijapaona." Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Jioni ujumbe wa Marisela ukaingia kwenye simu ya Tobin: "Nimewajibu Boston. Ninakwenda. Mama amepika tamale zake za unga wa mahindi, anasema nikualike. Tafadhali usije."

Tobin alilia kama mtoto, uso kwenye mto.

Kesho yake Bi Lindqvist akamrudishia insha. Sita juu ya sita, alama ambayo hakuwahi kumpa mtu mwaka ule.

"Mwalimu, naomba niandike upande wa pili. Leo hii. Naomba sana."

Bi Lindqvist akatabasamu, hajui lolote.

"Wa nini tena, Tobin? Umeshashinda."