Jukwaa Lisilo na Mtu

Acha kunibinulia midomo. Aliyenihadithia ni Gunnvor, na huyo hajui kutunga uongo. Alimpelekea mumewe Eilif mkate wa jibini ofisini Stavanger, kule Norwe, anakoketi mbele ya kompyuta akichimba kisima cha gesi kilicho mbali baharini. Kule kwenye jukwaa la kuchimbia, juu ya maji, zimebaki roboti tupu.

Ghafla zikasimama. Kompyuta ikaandika: kuna mtu karibu na bomba. Kamera zilionyesha giza la mchana wa Desemba, maana kaskazini kule jua halichomozi, lakini spika ilileta mburuzo wa viatu.

"Usiziwashe, Eilif!"

"Bomba likisimama hivi likanasa, kisima kimekwenda na kazi yangu imekwenda. Huyo mzimu wako asogee pembeni, mama."

Akabonyeza. Mkono wa chuma ukazunguka. Viatu vikakimbia, vikanyamaza katikati ya hatua.

Kompyuta ikaandika: hakuna mtu.

Gunnvor alichukua mkoba wake, akatoka, akafunga mlango.